Kyrie eleison: sala ya Kigiriki ambayo wengi huidhani ni ya toba

Watunzi wa muziki wa Misa ya Kilatini wamekuwa wakizitungia nyimbo sehemu zilezile tano kwa karne nyingi: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus na Agnus Dei. Nne ni za Kilatini. Ya kwanza peke yake ni ya Kigiriki, na ndiyo fupi kuliko zote: Kyrie eleison, Christe eleison, Kyrie eleison. Kwa Kiswahili tunaimba "Bwana, utuhurumie, Kristo, utuhurumie". Kwa kuwa maneno haya huja mara tu baada ya kuungama dhambi, watu wengi wanayachukua kuwa ni ombi la msamaha, na ndivyo yanavyofundishwa mara nyingi. Maneno yenyewe, ukiyafuata yalikotoka, yanasema jambo pana zaidi. Hiki ni kilio cha mhitaji kwa mwenye uwezo wa kumsaidia. Ndani yake kuna kumkiri Bwana na kumwomba kwa pamoja. Toba ina nafasi humo, lakini si mzizi wake.

Tuanze na sarufi, maana nusu ya mkanganyiko hutokea hapo.

Kyrie

Kigiriki hubadilisha mwisho wa nomino kufuatana na kazi yake katika sentensi. Bwana akiwa mtenda ni kyrios, akiwa mtendwa ni kyrion, na ukimwita ni kyrie. Kwa hiyo Kyrie si jina la sala kwa asili yake. Ni neno la kumwitia mtu, na sala ikapewa jina kutokana na neno lake la kwanza, kama tunavyosema "Baba Yetu" au "Salamu Maria". Christe nayo ni Christos katika umbo hilohilo la kuitia.

Kyrios limetokana na kyros, yaani mamlaka. Katika karne ya kwanza liliwahusu wengi: mwenye watumwa, mwenye shamba, mlezi wa mwanamke mbele ya sheria, hata mtu yeyote uliyetaka kumwita kwa heshima. Miungu pia waliitwa hivyo. Kati ya mafunjo yaliyochimbuliwa Misri imo mialiko ya chakula cha jioni kwenye meza ya "kyrios Sarapis". Kaisari naye aliitwa hivyo. Katika Matendo 25:26 Festo analalamika kwamba hana neno la hakika la kumwandikia "bwana" wake, na huyo bwana ni Kaisari Nero.

Upande mwingine kuna Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya Maandiko ya Kiebrania. Nakala zake tulizorithi kupitia Kanisa zinaweka Kyrios pale penye jina takatifu la Mungu, lile la herufi nne ambalo Wayahudi hawalitamki. Mkristo wa zamani aliyemwambia Yesu Kyrie alikuwa anatumia neno lililomgusa Kaisari upande mmoja na Mungu wa Israeli upande wa pili. Ndiyo maana Wafilipi 2:11 inaweka "Yesu Kristo ni Bwana" kuwa ungamo la kila ulimi. Kabla hujafika kwenye neno la pili la sala hii, umekwisha kukiri imani.

Eleison

Kwa maandishi ya Kigiriki neno hili ni eleēson, la kitenzi eleeō, katika hali ya kuamrisha, nafsi ya pili umoja, wakati unaoitwa aoristo. Hapa huzuka mafundisho yasiyo sahihi. Husemwa kwamba aoristo maana yake ni "mara moja tu", hivyo mwombaji anaomba tendo moja la huruma lisilorudiwa. Sivyo. Aoristo hulitazama tendo kwa ujumla wake bila kusema lolote kuhusu idadi, na Wagiriki walikuwa wakiwaomba miungu wao kwa umbo hilo muda mrefu kabla ya Ukristo. Ndilo umbo la kawaida la sala. Tofauti huonekana pale tu mwandishi anapoliacha kwa makusudi. Katika Mathayo 6:11 "utupe leo" ni dos, aoristo. Katika Luka 11:3 "utupe siku kwa siku" ni didou, wakati wa sasa, kwa sababu huko anaombwa aendelee kutoa. Kusukuma zaidi ya hapo ni kuibebesha sarufi mzigo usio wake.

Jambo la maana zaidi ni kile kisichokuwemo. Eleison haina yambwa. Haisemi nani ahurumiwe. Katika Kiswahili cha kawaida kitenzi "hurumia" hutaka kujua anahurumiwa nani, ndiyo sababu tafsiri imeingiza "-tu-" na kupata "utuhurumie". Hakuna kosa hapo, ila uwazi wa Kigiriki umepungua kidogo. Kilio kile kinaweza kuwa cha mgonjwa anayejiombea, cha mama anayemwombea mtoto, au cha umati unaoombea mji mzima. Uwazi huo ndio uliokifanya kifae kuwa kiitikio, kama tutakavyoona.

Huruma gani?

Nomino ya kitenzi hiki ni eleos. Waliotafsiri Septuaginta walilichagua neno hilo mara nyingi sana ili kubeba hesed ya Kiebrania, ule wema wa uaminifu ambao Mungu anawatendea watu wake kwa sababu ya agano. Zaburi ya 136 ina kiitikio chake katika kila mstari: "kwa maana fadhili zake ni za milele". Hizo "fadhili" kwa Kiebrania ni hesed na kwa Kigiriki ni eleos. Kitenzi chenyewe, eleēson, mara nyingi kinasimama mahali pa hanan ya Kiebrania, yaani kumtendea mtu wema asioweza kuudai. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanakutana na kitenzi hicho kwa sura tofauti bila kujua: "unifadhili", "unirehemu", "nihurumie". Zaburi 123:3, "Uturehemu, Ee Bwana, uturehemu", kwa Kigiriki ni eleēson hēmas, Kyrie, eleēson hēmas. Hiyo ni sala yetu karibu neno kwa neno, na ukiisoma Zaburi hiyo utaona wanaoomba ni watu waliochoshwa na dharau. Dhambi haitajwi hata mara moja.

Sasa tazama Injili, ni nani wanaolia hivi. Mwanamke Mkanaani ambaye binti yake anasumbuliwa na pepo (Mathayo 15:22). Baba wa mtoto mwenye kifafa (Mathayo 17:15), ambaye maneno yake yanaanza hasa na Kyrie, eleēson. Vipofu wawili kando ya njia (Mathayo 20:30). Bartimayo (Marko 10:47). Wakoma kumi waliosimama mbali (Luka 17:13). Hata tajiri aliyeko kuzimu anamlilia Ibrahimu eleēson me, na anachoomba ni tone la maji (Luka 16:24). Katika orodha hiyo nzima hakuna hata mmoja anayeomba kufutiwa dhambi. Wanaomba kuona, kutakaswa, kupata mtoto wao akiwa mzima.

Kuna mtu mmoja anayeomba msamaha waziwazi: mtoza ushuru hekaluni, Luka 18:13, anayejipiga kifua. Tungemtarajia yeye kuliko wote aseme eleēson. Hasemi. Anasema hilasthēti moi, ambayo Biblia ya Kiswahili imeitafsiri vizuri sana, "uniwie radhi mimi mwenye dhambi". Hicho ni kitenzi kingine, cha ukoo mmoja na hilastērion, kiti cha rehema, na hilasmos, kipatanisho. Luka alikuwa na maneno yote mawili mkononi, akampa mwenye dhambi moja na wakoma lingine.

Zaburi ya 51, Zaburi ya toba kuliko zote, inaanza na eleēson me. Kwa hiyo neno linaweza kubeba toba bila shida. Ila halianzii huko wala haliishii huko.

Kabla ya kuacha maana, tuondoe hoja ya mafuta. Wapo wanaofundisha kwamba eleos na elaion, mafuta ya mzeituni, ni neno moja, hivyo eleison maana yake ni "utupake mafuta ya kutuponya". Ni fundisho tamu, na picha yake ya Msamaria akimimina mafuta kwenye majeraha inafaa kuhubiriwa. Lakini maneno haya mawili hayana mzizi mmoja. Yalikuja kufanana kwa sauti tu, pale irabu mbili ai za Kigiriki zilipoanza kutamkwa kama e, na elaion ikasikika "éleon". Ni haki kwa mhubiri kucheza na mfanano huo wa sauti. Si haki kuuita asili ya neno.

Kutoka mitaani hadi ibadani

Kilio hiki hakikuanzia kanisani. Epiktetos, mwanafalsafa wa Kistoa, katika mafundisho yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Arriano mwanzoni mwa karne ya 2, anawasema watu wanaokwenda kwa wapiga ramli wakitetemeka, wakiomba: Kyrie eleison, nijalie nitoke salama. Wakristo waliyatwaa maneno ambayo kila mtu aliyekuwa anazungumza Kigiriki aliyajua, na ambayo Zaburi zilikuwa zimekwisha kuyatakasa kwa ajili yao.

Ushahidi ulio wazi wa matumizi ya ibada unatoka mwishoni mwa karne ya 4. Katiba za Mitume, mkusanyiko wa kanuni za Kanisa kutoka Siria wa mnamo mwaka 380, unaeleza katika kitabu cha 8 jinsi shemasi anavyotaja nia moja baada ya nyingine, na kila mara watu wanajibu Kyrie eleison, watoto wakitangulia. Miaka hiyohiyo, kati ya 381 na 384, mwanamke hujaji kutoka magharibi, Egeria, alikuwa Yerusalemu. Anaeleza ibada ya jioni katika kanisa la Ufufuko: shemasi anasoma majina ya watu wanaokumbukwa, na kundi kubwa la watoto waliosimama hapo wanaitikia kila jina kwa Kyrie eleison, sauti zao hazina idadi. Kisha anawafafanulia dada zake aliowaacha kwao: ndiyo kusema, kwa lugha yetu, miserere Domine. Ufafanuzi huo mdogo una thamani kubwa. Dada wale wasingehitaji kuelezwa kama maneno hayo yangekuwa tayari yanatumika makanisani mwao.

Hapo ndipo inapoanguka dhana iliyoenea kwamba Kyrie ni mabaki ya zama ambapo Kanisa la Roma lilikuwa likisali kwa Kigiriki. Ni kweli Roma ilisali kwa Kigiriki kwanza, na ikahamia Kilatini katika karne ya 4. Lakini Kyrie inaonekana katika Misa ya magharibi baada ya kuhama huko, ikitokea mashariki pamoja na litania za shemasi, yaani yale maombi ya nia moja baada ya nyingine yenye kiitikio. Sinodi ya Vaison, kusini mwa Galia (Ufaransa ya leo), mwaka 529, katika kanuni yake ya 3 inaitaja kuwa ni desturi iliyoingizwa katika Kiti cha Kitume (yaani Roma), Italia na mashariki yote, kisha inaagiza isemwe pia katika makanisa ya huko, kwenye sala ya asubuhi, Misa na sala ya jioni. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne hiyohiyo ya 6, inaiita "ombi la litania, yaani Kyrie eleison".

Tahajia yenyewe inashuhudia. Kilatini kilipochukua neno la Kigiriki zamani, herufi ēta iliandikwa e: ekklēsia ikawa ecclesia. Kwa kanuni hiyo eleēson ingekuwa eleeson. Badala yake tuna eleison, kwa sababu wakati maneno haya yanapokewa Wagiriki walikuwa wakitamka ēta kama i. Watu waliandika walichosikia kikiimbwa.

Je, litania yenyewe ilikwenda wapi? Jibu limo katika barua ya Papa Gregori Mkuu kwa Yohane, askofu wa Sirakusa, mwaka 598. Kulikuwa na manung'uniko kwamba Gregori anaiga desturi za Konstantinopoli. Anakanusha kwa kuonyesha tofauti. Kwa Wagiriki wote husema pamoja. Kwetu, anasema, wanaanza makleri na watu wanajibu. Tena sisi tunasema pia Christe eleison, jambo ambalo Wagiriki hawafanyi kamwe. Na katika Misa za kila siku tunaacha mengine yanayosemwa kwa kawaida, tunabaki na Kyrie eleison na Christe eleison tu, ili tukae muda mrefu zaidi katika maneno haya ya kuomba.

Sentensi hiyo ya mwisho inafungua fumbo lote. Nia za shemasi zilikatwa, viitikio vikabaki. Misa ikarithi majibu ya maombi ambayo hayatajwi tena. Mtu anayeshangaa kwa nini tunasema "utuhurumie" bila kusema katika jambo gani, sababu ni hiyo.

Kwa muda idadi ya kurudia haikuwa na kikomo. Mwongozo wa Misa ya Papa wa mnamo mwaka 700, Ordo Romanus wa kwanza, unamtaka kiongozi wa waimbaji amtazame Papa ampe ishara ya kumaliza. Baadaye, katika nchi za Wafranki, idadi ikasimama kwenye tisa: tatu, tatu, tatu. Amalario wa Metz katika karne ya 9 akazifasiri Kyrie za kwanza kwa Baba, Christe kwa Mwana, Kyrie za mwisho kwa Roho Mtakatifu. Tafsiri hii ni nzuri kwa kutafakari, ila ilikuja baada ya mpangilio kuwepo. Katika Agano Jipya Kyrios kwa kawaida ni Kristo mwenyewe, na Gregori hasemi lolote kuhusu nafsi tatu.

Wakati huohuo waimbaji walianza kujaza sauti ndefu za wimbo kwa maneno ya Kilatini kati ya Kyrie na eleison: fons bonitatis, orbis factor, lux et origo. Misale (kitabu cha sala za Misa) ya Papa Pio wa V ya mwaka 1570 iliyaondoa maneno hayo, lakini tuni ziliendelea kuitwa kwa majina yake hadi leo.

Waprotestanti walitofautiana. Luther, katika Misa yake ya Kijerumani ya 1526, aliagiza Kyrie iimbwe mara tatu badala ya tisa. Kitabu cha Sala cha Uingereza cha 1552 kilikwenda mbali zaidi: kiliweka usomaji wa Amri Kumi mahali pake, na watu wakajibu kila amri kwa "Bwana utuhurumie" na ombi la kuelekezwa mioyo kuishika sheria hiyo. Nadhani hakuna mahali pengine ambapo kilio hiki kimefungwa na dhambi kwa nguvu kama hapo.

Mashariki hawakukata litania, hivyo kwao Kyrie eleison bado ni jibu la nia inayotajwa: amani ya dunia, hali njema ya hewa, wasafiri, wagonjwa, wafungwa. Katika baadhi ya litania hurudiwa mara tatu kwa kila nia, na katika Saa za sala husemwa mara 40. Wakopti husema mara 41, na maelezo wanayotoa ni mapigo 39 ya mjeledi, taji la miiba na mkuki. Waslavi walitafsiri, Gospodi pomilui. Wakopti na Waethiopia walilibakiza neno la Kigiriki lenyewe likiwa limezoea sauti za lugha zao.

Kuiimba na kuitumia leo

Anayezungumza Kiswahili ana mtego wake katika matamshi. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ulimi unataka kusema "kirÍe eleÍson". Mkazo wa haki uko nyuma zaidi: KÍ-ri-e, e-LÉ-i-son. Silabi za neno la pili ni nne, na e na i zitamkwe kila moja peke yake. Kwaya inayoziunganisha kuwa silabi moja hujikuta na noti isiyo na mwenyewe. S ibaki s, isiwe z. Na mwisho ufungwe kwa n, bila kuongeza i ya "eleisoni".

Katika Misale ya Kiroma iliyotolewa chini ya Paulo VI mwaka 1970, kila mwito husemwa mara mbili, jumla sita. Mwongozo Mkuu wa Misale, namba 52, unauita wimbo ambao waamini wanamshangilia Bwana na kuomba huruma yake. Vitenzi vyote viwili vimo kwa makusudi. Namba hiyohiyo inaruhusu kurudia zaidi kwa sababu ya lugha, muziki au mazingira, kwa hiyo kwaya yenye Kyrie ya zamani ya mara tisa haivunji kanuni. Inachotaka ni kwamba watu wapate sehemu yao, maana kwa kawaida wimbo huu ni wa wote.

Makosa mawili hutokea sana. La kwanza ni kurudia. Tendo la toba la mwanzo wa Misa lina namna tatu, na ya tatu tayari ina miito ya Kyrie ndani yake. Ikitumika, padre akishamaliza maneno ya kuomba msamaha, kinachofuata ni Utukufu (Gloria) au sala ya mwanzo, si Kyrie nyingine ya kwaya. Anayeongoza nyimbo na awe amemuuliza padre mapema ni namna ipi itatumika.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo linatokea pale watu wanapotunga miito yao wenyewe kwa namna hiyo ya tatu. Wanaandika: "Kwa kuwa tumewadharau maskini, Bwana, utuhurumie." Hiyo ni orodha ya dhambi zetu. Angalia mfano wa Misale: "Uliyetumwa kuwaponya waliovunjika moyo", "Uliyekuja kuwaita wakosefu", "Uliyeketi kuume kwa Baba kutuombea". Kila mwito unamtaja Kristo na alichotenda, kisha ndipo kilio kinafuata. Ukitaka kutunga wa kwako, chukua Injili ya siku hiyo na uulize Kristo anafanya nini humo. Jumapili ya Bartimayo andika "Ee Bwana, uliyesimama uliposikia kilio cha kipofu", halafu waache watu waitike.